UZI: Dornier Do 27 ya balsa na karatasi, sm 50, inaruka kwa mpira. Kuanzia kuchagua mti hadi kurusha

#1 Mbavu_Nyembamba (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa ndege moja tu ya mfano, ya balsa (mti mwepesi sana), ambayo propela yake huzungushwa na mpira uliosokotwa. Tuiunde hatua kwa hatua. Nimechagua Dornier Do 27. Wengi mnaijua kwa ile yenye milia ya punda milia, usajili D-ENTE, ambayo Mjerumani mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliitumia kuhesabu wanyama wa Serengeti mwaka 1958. Michael alifia ndani yake tarehe 10 Januari 1959, na kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kwa hiyo hii ni ndege yenye historia kwetu, si picha ya kutoka mbali.

Kwa fundi ina sifa nyingine. Bawa liko juu na halina nguzo za kulishikilia, bodi ni ya kisanduku, na mkia ni mkubwa. Ndege ya namna hiyo husamehe makosa.

Vipimo: ndege halisi ina mabawa ya mita 12 na urefu wa mita 9.6. Ukigawa kwa 24 unapata sm 50 kwa sm 40. Upana wa bawa kutoka mbele hadi nyuma ni karibu sm 6.7. Chora ramani kwa ukubwa huo kamili, kwa sababu vijiti vinajengwa juu ya ramani yenyewe.

Kabla ya kukata kijiti hata kimoja, andika bajeti ya uzito na uibandike ukutani:

bawa g 6
bodi g 8
mkia wote, wa kulala na wa kusimama, g 2
miguu na magurudumu g 3
propela na pua g 5
karatasi na vanishi g 3

Jumla g 27 bila mpira. Mpira ni g 5 hadi 6 juu yake. Ukifika g 40 bila mpira bado itaruka, lakini itaruka kwa kasi na itatua kwa kishindo. Tumia mizani ya kidijitali inayosoma g 0.1, zile ndogo kama za masonara. Ya jikoni haifai.

Jambo ninaloomba kila mtu alishike ni mkia. Kutoka kitovu cha uzito hadi mkiani ni karibu sm 25, na hadi puani ni sm 10 tu. Kwa hiyo kila gramu moja ya ziada mkiani utailipia gramu mbili na nusu za risasi (ile metali nzito) puani. Gundi iliyomwagika mkiani, karatasi nzito, rangi, vyote vinalipiwa mara tatu na nusu ukijumlisha. Ndege nyingi za balsa zisizoruka zimeharibikia mkiani, mezani, kabla hazijaona uwanja.

#2 Mwanagenzi_Tanga

Shukrani mkuu. Swali la mwanzo kabisa: balsa ni balsa, au kuna ya kuchagua? Na kwa sisi ambao duka haliko karibu, kuna mbadala?

#3 Mbavu_Nyembamba

Kuna ya kuchagua, tena hapo ndipo kazi ilipo. Balsa nyingi inatoka Ecuador, na mti mmoja kwa mwingine hutofautiana mno. Nyepesi ina kilo 90 hivi kwa mita ya ujazo, ngumu inapita 200. Usiamini jicho, pima. Ubao wa mm 1.5 kwa mm 75 kwa mm 915 una ujazo wa karibu sm 103 za ujazo. Ukiwa na g 10 ni mwepesi, unafaa mbavu (vipande vinavyolipa bawa umbo) na mkia. Ukiwa na g 16 ni wa kati, ukate vijiti vya bodi. Ukizidi g 20 uweke kwa kazi nyingine.

Kisha angalia nyuzi. Shika ubao kwa upana wake uukunje taratibu kama karatasi. Ukijikunja kirahisi na uso wake una mistari mirefu iliyonyooka, umepasuliwa sambamba na pete za mti: huo ni wa kuzungushia pua na sehemu za mviringo. Ukigoma kukunjika, na uso una madoa madogo yanayong'aa kama magamba ya samaki, umepasuliwa kukatiza pete: huo ndio wa mbavu za bawa, maana ubavu mwembamba wa mm 1 hautapinda. Ukiwachanganya hao wawili utapata mbavu zinazopinda kama vipande vya maganda na pua inayopasuka ukiikunja.

Vijiti usinunue vilivyokatwa tayari kama una ubao mzuri. Rula ya chuma, wembe mpya, na kata kwa kupita mara tatu nyepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Mkato wa nguvu hufuata nyuzi na kuacha rula.

Kuhusu mbadala, nitamwachia Chelewa.

#4 Chelewa

Nipo. Mbadala wa balsa kwa ndege nzima ni mgumu, sema ukweli, lakini unaweza kupunguza balsa unayohitaji.

Mianzi ndiyo rafiki mkubwa. Kijiti cha mishikaki ukikipasua mara nne na kukisugua kwa msasa hadi mm 1 kwa mm 1 kinatosha kwa ncha za mkia na ncha za bawa. Kikunje juu ya joto la chuma cha kuchomelea au mshumaa, ngozi ya mwanzi ikiwa upande wa nje wa mkunjo. Kisogeze polepole, kinalegea ghafla, kishikilie kwa sekunde chache kipoe, hakirudi tena. Kizito kuliko balsa, lakini kwa unene huo tofauti ni sehemu ndogo ya gramu, na ncha ya bawa haivunjiki ikigonga nyasi.

Njiti za fagio la chelewa nazo zinafaa kwa vitu vidogo: gurudumu la nyuma, antena, fito za dirishani. Chagua zilizokauka na ukate upande mnene tu.

Usitumie spoki ya baiskeli kwa miguu. Spoki ya mm 2 ina karibu g 0.25 kwa kila sentimita, kwa hiyo sm 20 ni g 5 kamili. Waya wa chuma cha springi wa mm 1, urefu uleule, ni g 1.2. Bajeti ya miguu na magurudumu ni g 3, fanyeni hesabu.

#5 Mbavu_Nyembamba

Asante Chelewa. Sasa bodi.

Tandika ramani juu ya ubao laini unaokubali pini, juu yake nailoni ya kufungia chakula ili gundi isishike ramani. Vijiti vinne vya urefu vya mm 2.5 kwa mm 2.5 vikatwe kutoka ubao mmoja, kwa kufuatana, ili ugumu wake uwe sawa. Hili watu wengi hulipuuza. Kijiti cha kushoto kikiwa kigumu na cha kulia laini, bodi ikikauka inajikunja upande wa kigumu na utahangaika na ndege inayopinda bila kujua chanzo.

Pini usiichome ndani ya kijiti. Weka pini mbili zikikumbatia kijiti, moja kila upande. Tundu la pini kwenye kijiti cha mm 2.5 ni mahali pa kuvunjikia.

Jenga ubavu wa kwanza wa bodi, kisha jenga wa pili juu yake hapohapo na kipande cha nailoni katikati. Hapo pande mbili zinatoka pacha. Vijiti vya kusimama vikatwe kwa jozi. Kila kijiti kikae chenyewe bila gundi: ukiinua ubao kidogo na kisianguke, umekata sawa. Kikiwa kifupi usijaze pengo kwa gundi, kata kingine.

Gundi ni ile nyeupe ya maseremala, ichanganye na maji kidogo, sehemu tatu za gundi kwa moja ya maji. Weka tone kwa ncha ya kijiti cha meno, subiri nusu dakika mti unywe, weka tone la pili, unganisha. Supa gluu ina kazi yake kwenye kurekebisha uwanjani, ila kwa fremu inakauka kabla hujanyoosha, na kiungo chake ni kigumu kuliko mti wenyewe kiasi kwamba ukisugua msasa mti unaliwa na gundi inabaki kama kipele.

Kuunganisha pande mbili: anza pale bodi ilipo na upana ulio sawa, chini ya bawa, kwa vijiti vinne vya kukatiza na kona ya mraba kuhakikisha nyuzi 90. Acha ikauke kabisa. Ndipo uvute mkia ukutane. Kabla ya kuubana, chora mstari wa katikati kwenye ramani ya juu na uone ncha ya mkia inakaa juu ya mstari. Hata mm 2 za kuachia ni usukani ulioinama daima.

Kishikio cha nyuma cha mpira: bomba jembamba la antena ya redio mbovu, mm 3 hivi, lipite bodi upande hadi upande na lizungukiwe na vipande vya balsa ya mm 1.5 yenye nyuzi za kusimama. Nimesema bomba, si kijiti, kwa sababu wakati wa kuusokota mpira waya utapita ndani ya bomba hilo kushikilia ndege.

#6 Upepo_wa_Kusi

Naongezea bawa, mkuu akiruhusu.

Mbavu 18, zote sawa kwa sababu bawa la Do 27 halipungui upana hadi karibu na ncha. Kata violezo viwili vya bati la kopo au plastiki ngumu, bana kati yake vipande 18 vya balsa ya mm 1 kwa pini mbili, kisha ukate na kusugua kwa msasa kama tofali moja. Mfereji wa kijiti kikuu (kinachopita kwenye mbavu zote kuelekea ncha) ukatwe wakati bado vimebanwa. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kupata mbavu zinazofanana.

Ukingo wa mbele ni kijiti cha mm 3 kilichokaa kwa pembe kama almasi, ukingo wa nyuma ni mm 2 kwa mm 8 uliochongwa kuwa kabari, kijiti kikuu mm 2 kwa mm 4 kikisimama kwa ukali wake. Mwanya kati ya mbavu ni sm 3. Chonga kabari ya ukingo wa nyuma kabla ya kuunganisha, ukichonga baada utavunja mbavu.

Ndege halisi ina bawa karibu lililonyooka. Yetu haina rubani, kwa hiyo inua kila ncha sm 2.5 juu ya meza. Hapo inajirudisha yenyewe ikiinama. Ukiacha bawa bapa kwa ajili ya kufanana na halisi, ndege itaingia kwenye mzunguko na kujichimbia ardhini mara ya kwanza upepo ukiigusa. Mkia wa kulala nao uongezewe asilimia 10 hadi 15 ya eneo. Mtu akisimama mita tano hataona tofauti.

Pembe: bawa liwe limeinuka mbele kwa nyuzi 3 kuliko mkia. Kwa upana wa sm 6.7 hiyo ni mm 3.5 za tofauti kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma. Mfaransa Alphonse Pénaud alionyesha Paris mwaka 1871, kwa ndege ya mpira kama hii, kwamba mkia uliowekwa pembe ndogo kuliko bawa ndio unaoifanya ndege irudi sawa bila mtu kuigusa. Kanuni hiyo haijabadilika.

#7 Mwanagenzi_Tanga

Kiunganishi cha katikati ya bawa, pale linapoinuka, kiwe cha nini? Picha nyingi zinaonyesha panavunjika hapo.

#8 Upepo_wa_Kusi

Panavunjika kwa sababu watu huunganisha ncha kwa ncha. Weka kipande cha plaiwudi ya mm 0.8, au balsa ngumu ya mm 1.5 kama huna, kilichokatwa umbo la V pana kulingana na pembe, urefu sm 2 kila upande, kikibanwa kwenye uso wa kijiti kikuu. Kingine kidogo ukingo wa mbele. Nyuma hakihitajiki.

#9 Karatasi_Laini

Wakuu salaam. Naingia kwenye karatasi maana hapa ndipo fremu nzuri huharibiwa.

Karatasi inayotakiwa ni ile nyembamba ya Kijapani, karibu g 12 kwa mita ya mraba, ngumu ikilowa na inajivuta ikikauka. Zile laini za kufungia zawadi madukani zinafanana kwa macho lakini zikilowa zinachanika na hazijivuti sana. Unaweza kuzitumia kwa kuzibandika zikiwa zimenyooka tangu mwanzo, ukiwa na subira.

Karatasi ina nyuzi kama mti. Chana kona: upande unaochanika kwa mstari ulionyooka ndio mwelekeo wa nyuzi. Kwenye bawa nyuzi ziende kutoka ncha hadi ncha, kwenye bodi ziende pua hadi mkia. Ukizikosea, karatasi inajivuta zaidi kwa upande mbaya na kuzama kati ya mbavu, bawa linaonekana kama farasi mwenye njaa. Uso unaong'aa uwe nje.

Kwanza sugua fremu nzima kwa msasa namba 400 uliobandikwa kwenye kipande cha mbao. Pitisha kidole ukifumba macho. Kila kipele unachokihisi kitaonekana mara kumi zaidi chini ya karatasi. Kisha paka vanishi nyepesi sehemu zitakazoguswa na karatasi, ikauke, sugua tena.

Gundi ya stiki inatosha, tena ni nyepesi na inakupa muda wa kurekebisha. Paka kwenye fremu ya nje tu: ukingo wa mbele, wa nyuma, ubavu wa mwisho na wa katikati. Mbavu za kati usizipake upande wa juu. Anza na chini ya bawa. Laza karatasi, shika katikati, vuta kuelekea ncha, kisha mbele na nyuma. Usivute kwa nguvu, kazi ya kunyoosha ni ya maji. Ondoa mikunjo tu. Bawa lililoinuliwa katikati haliwezi kufunikwa kwa kipande kimoja. Kata pande mbili za chini, pande mbili za juu, na ncha vipande vyake vidogo. Kwenye ncha lowesha karatasi kidogo ndipo ikubali mviringo.

Kupunguza kingo: wembe mpya kabisa, au msasa upitishwe kwa pembe kwenye ukingo hadi karatasi ikatike yenyewe. Wembe uliotumika kwa balsa unachana.

Maji: chupa ya marashi iliyokwisha, iliyooshwa, inatoa ukungu mzuri. Nyunyiza upande wa chini na wa juu kwa pamoja, kisha bana bawa kwenye ubao kwa pini, upande mmoja wa bawa kwa wakati mmoja, likiwa juu ya vijiti vya mm 3 ili hewa ipite chini. Hapa ndipo unapoweka msokoto wa makusudi: chini ya ukingo wa nyuma karibu na ncha weka kipande cha mm 3 zaidi, pande zote mbili sawasawa. Ncha zikiwa zimeinama hivyo zitakuwa za mwisho kupoteza nguvu, na ndege haitaangukia bawa moja. Iache usiku kucha.

Mkia ni tofauti, na naomba msome mara mbili. Fremu ya mkia ni bapa ya mm 2, laini, haiwezi kushindana na karatasi inayojivuta. Ukiufunika na kuunyunyizia kama bawa utajikunja kama kiganja. Tengeneza fremu ya mbao ya vijiti vya kawaida, bandika karatasi juu yake, nyunyiza, iache ijivute na kukauka hapo. Kisha ikate na uifunike mkiani ikiwa imekwisha kujivuta. Hakuna maji tena.

#10 Bandari_Salama

Dada, kwa sisi wa pwani tatizo ni unyevu. Karatasi inakuwa kama ngoma saa nane mchana, ikifika asubuhi imelegea. Vanishi ipi?

#11 Karatasi_Laini

Karatasi hunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo lazima izibwe. Vanishi halisi ya ndege ni ya nitroselulosi inayojivuta. Usipoipata, ile vanishi angavu ya NC (yaani nitroselulosi) wanayotumia maseremala kwa fanicha inaziba vizuri ingawa haivuti karatasi, basi mvuto wote uupate kwa maji kwanza. Usichukue ile ya kuzibia vinyweleo vya mbao kabla ya kupaka: ina unga ndani yake, inaongeza uzito na kufanya karatasi iwe na ukungu mweupe.

Changanya sehemu moja ya vanishi na mbili za thina. Kama ni ile inayojivuta, ongeza matone matatu manne ya mafuta ya mbarika (wengine huita nyonyo) kwa kila ml 50. Bila mafuta hayo vanishi inaendelea kujivuta kwa miezi na bawa linapinda likiwa kabatini. Pwani paka mara mbili nyembamba, bara mara moja inatosha. Brashi pana laini, pita mara moja na usirudi. Ukirudia sehemu yenye unyevunyevu unaachia gundi ya chini.

Usipake siku ya mvua ya masika. Thina ikigeuka mvuke inapoza uso, unyevu wa hewa unashika, vanishi inakuwa nyeupe kama maziwa. Ikitokea, subiri siku kavu upitishe thina tupu nyembamba, weupe utaondoka. Na ifanyike nje au dirishani, mbali na jiko na kibatari. Mvuke wake unawaka haraka sana.

#12 Mwanagenzi_Tanga

Na milia? Rangi nyeusi ya kupuliza?

#13 Karatasi_Laini

Usipulize rangi. Kopo la rangi linaweza kuongeza gramu tatu nne bila wewe kujua, na nusu yake ni mkiani.

Milia ikatwe kutoka karatasi nyeusi ileile nyembamba. Funika ndege yote kwa nyeupe, maji, vanishi ya kwanza, ikauke. Ndipo weka mlia mkavu mahali pake, uguse kwa brashi yenye thina na vanishi kidogo: unyevu unapenya karatasi nyeusi na kuyeyusha vanishi ya chini, zinashikana. Usitumie maji hapa, karatasi nyeusi nyingi hutoa rangi na nyeupe itakuwa kijivu. Jaribu kwanza kwenye kipande.

Kata milia kwa mkono huru, mmoja mmoja, mipana tumboni na myembamba ikikaribia mgongo, na baadhi igawanyike kama uma. Ukiikata kwa rula inakuwa kivuko cha barabarani. Mkiani weka milia michache na myembamba kadiri macho yanavyoruhusu, sababu mmeshaijua. Herufi D-ENTE nazo kwa karatasi hiyohiyo. Kijerumani Ente ni bata.

#14 Mbavu_Nyembamba

Pua na mpira sasa.

Propela ya plastiki ya sm 18. Ipime: iweke kwenye waya, ikizunguka na kusimama upande uleule kila mara, sugua upande mzito kwa nyuma. Kati ya propela na pua weka ushanga mmoja wa kioo wenye tundu la mm 1 na tone la mafuta ya cherehani. Ushanga unapunguza msuguano kuliko washa mbili za bati. Kipande cha pua kiwe cha kuchomoka, kikibana vizuri bila kulegea, maana mpira unaingizwa na kusokotwa kupitia hapo.

Mpira ni nyuzi nne za mm 3, urefu sm 45 baada ya kufungwa. Huo una g 5.4. Nafasi kati ya ndoano na kishikio cha nyuma ni sm 25 tu, kwa hiyo mpira ni mrefu kuliko bodi. Ukiuacha hivyo unalundikana nyuma na kuhamisha uzito. Dawa yake: funga kitanzi kimoja cha nyuzi mbili chenye urefu wa sm 90, kipe mizunguko 50 hivi, kikunje katikati uache kijisokote kama kamba. Kinafupika na kukaa kimya ndani ya bodi.

Mpira wa ndani wa baiskeli haufai. Ule mweusi ni wa aina inayomeza nguvu badala ya kuirudisha. Bora rubabendi za ofisini zilizounganishwa, ingawa vifundo vyake hukatika mapema.

Osha mpira kwa sabuni na maji, ukaushe, upake glisirini iliyochanganywa na sabuni laini, kidogo tu. Bila hiyo nyuzi zinakwaruzana na kukatika.

#15 Upepo_wa_Kusi

Nakubali yote ila nina neno kuhusu unene. Mtu akiona ndege haipandi huongeza nyuzi mara moja. Nyuzi zikitoka mbili kwenda nne kwa urefu uleule, mizunguko inayoingia inapungua kuwa karibu asilimia 70, na nguvu ya kusokota inapanda karibu mara 2.8. Matokeo ni ndege inayochupa juu kwa sekunde chache, inapinduka kushoto, basi. Kwanza tafuta kosa kwenye pembe na uzito. Mpira mnene ni jibu la mwisho.

Mizunguko mingapi? Usikisie. Chukua kitanzi cha mpira huohuo, uvute mara nne ya urefu wake, usokote ukihesabu hadi ukatike. Asilimia 80 ya hesabu hiyo ndiyo kiwango chako cha juu. Cha kusokotea ni keekee ya mkono yenye gia, ndoano ikiwa kwenye taya. Hesabu mzunguko mmoja wa mpini unatoa mingapi. Nusu ya kwanza sokota ukiwa umevuta kabisa, nusu ya pili ukisogea taratibu kuelekea ndege. Pitisha bomba la karatasi ngumu ndani ya bodi kuuzunguka mpira wakati huo. Ukikatika, unapasua bomba na si bodi uliyoijenga wiki tatu.

#16 Nyanda_za_Juu

Kurusha. Weka alama chini ya bawa sm 2 kutoka ukingo wa mbele, hiyo ni asilimia 30 ya upana. Ndege ikiwa na mpira ndani isimame sawa juu ya vidole viwili hapo. Haijasimama, ongeza udongo wa mfinyanzi au risasi puani.

Nyasi ndefu, alfajiri, kabla upepo haujaamka. Isukume mbele bila mpira kusokotwa, pua ikitazama sehemu ya ardhi kama mita kumi mbele. Ikiinua pua, ikasita, ikadondoka: mkia umeinama mno au pua nyepesi, ongeza nusu gramu. Ikishuka kama jiwe: inua ukingo wa nyuma wa mkia wa kulala mm 0.5. Badilisha kitu kimoja kila mara.

Ikiteleza vizuri, mpe mizunguko 100. Sasa jambo wengi hukosea: ikiinua pua kwa nguvu ya propela tu, huku bila nguvu inateleza sawa, usiguse uzito wala mkia. Weka kipande cha mm 0.4 nyuma ya pua upande wa juu, propela itazame chini kidogo. Propela inayozunguka kulia ukiitazama kutoka nyuma huisukuma ndege iiname kushoto. Ikikaza sana kushoto weka kipande kingine upande wa kushoto wa pua, propela itazame kulia. Panda kwa mizunguko 50 kila hatua.

Kwa wa Nairobi na kwingine kwenye mita 1,700: hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Ndege ileile lazima iende kwa kasi zaidi ya asilimia 8 au 9 ili ibebwe, na propela inashika hewa kidogo. Msilete ndege ya g 40 huku mkategemea ifanye ilichofanya Tanga. Punguzeni vanishi na milia kwanza.

#17 Mwanagenzi_Tanga

Nimeelewa wakuu. Swali la mwisho: mpira ukishatumika unahifadhiwaje? Na bawa likipinda baadaye linanyooshwa?

#18 Karatasi_Laini

Bawa: lipitishe juu ya mvuke wa birika kwa sekunde tano, sm 20 kutoka mdomoni, ulisokote kinyume na kupinda, zaidi kidogo ya unachotaka, ulishikilie mpaka lipoe. Kama lina vanishi kavu bila mafuta ya mbarika litarudi kupinda, utarudia.

#19 Mbavu_Nyembamba

Mpira: utoe ndani ya ndege siku hiyohiyo, ukiachwa na glisirini unaloweka balsa ya nyuma. Ukague kwa vidole nyuzi kwa nyuzi dhidi ya mwanga, wenye mkato mdogo pembeni ukate hapo na kufunga upya ukiwa umelowa mate, fundo lisiungue. Uoshe, uweke poda ya mtoto kidogo, kwenye mfuko usiopitisha hewa, gizani. Jua na joto ndivyo vinavyoumaliza.

Nitaweka ramani ya bodi yenye vipimo vya kila kijiti kwenye bandiko lijalo. Aliyeanza kukata mbavu aandike hapa uzito wa ubao wake kwanza.